MCHOVU SI MVIVU
Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga na wahenguzi walilonga kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mpenzi msomaji, mimi kitanda hiki nimekilalia tangu utotoni, na kunguni wake nawajua mmoja mmoja. Kwa hivyo naomba unitegee sikio. Sitaki kuhurumiwa wala kuchangiwa harambee. Nina maoni, na maoni yangu ni haya: humu shuleni, na vijijini mwetu hapa Matete, tunachanganya vitu viwili ambavyo havifanani kamwe, uchovu na uvivu. Mchanganyiko huo unawaumiza watu.

Kunradhi nikianza na kisa. Muhula uliopita, asubuhi moja ya Jumanne, kengele ya kuamka ililia kama kawaida. Wenzangu waliruka kutoka vitandani, huyu akitafuta soksi, yule akigombania ndoo. Mimi kengele niliisikia vizuri sana. Macho nilikuwa nimeyafungua hata kabla haijalia. Ila mwili ulikataa. Si usingizi, la hasha! Usiku huo nilikuwa nimelala mapema kuliko wote bwenini. Homa sikuwa nayo, maumivu pia sikuwa nayo. Nilipoinua mkono niondoe blanketi, niliona ni kama nanyanyua gunia la mahindi la kilo 90. Kufunga kamba za viatu nilipumzika mara mbili. Nilipofika kwenye paredi, jina langu lilikuwa tayari limo katika daftari la wachelewaji. Adhabu ilikuwa kufyeka nyasi nyuma ya maktaba.

Mwenzangu mmoja akasema, tena kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Huyu si mgonjwa bana, ni mvivu tu. Kwani si jana tulimwona akicheka?" Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka pia, maana ukilia ndio watazidi.

Si jana tulimwona akicheka? Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nataka kulijibu kinaganaga.

Mimi nina ugonjwa wa seli mundu, ule ambao wengi huuita sikoseli. Damu ya binadamu ina chembechembe nyekundu zinazobeba oksijeni mwilini. Zako wewe ni mviringo, ni laini, na kila moja huishi kama siku 120. Zangu zikipungukiwa na oksijeni hujikunja mfano wa mundu, zikawa ngumu, zikakwama katika mishipa midogo. Nyingi hufa baada ya siku 10 hadi 20 tu. Hebu piga hesabu, wewe unayependa hisabati. Kiwanda changu cha damu, ambacho kimo ndani ya mifupa, kingehitaji kufanya kazi mara sita ya chako au zaidi, usiku na mchana, bila likizo ya Agosti wala ya Desemba. Kinajitahidi, lakini hakitoshelezi. Himoglobini yako pengine ni 13 au 14. Yangu, nikiwa katika siku zangu nzuri kabisa, huwa kati ya 7 na 8. Kwa hivyo tunapobeba ndoo za maji pamoja, wewe unabeba ndoo moja. Mimi nabeba ndoo na huo upungufu wote.

Kukhu yangu aliposikia jina la ugonjwa kwa mara ya kwanza, aliuliza, "Ugonjwa wa mundu? Wa mundu gani?" Katika lugha yetu, omundu ni mtu. Basi akaelewa kwamba kuna mtu aliyenitendea. Ilichukua miaka kumwondolea wazo hilo. Nakumbuka tulipelekwa kwa waganga wawili, mmoja akala kuku, mwingine akala mbuzi, na mimi nikabaki pale pale. Simlaumu kukhu. Lakini ukweli ni kwamba hakuna aliyeniroga. Nilirithi chembe hiyo kwa baba na kwa mama, ambao wao wenyewe ni wazima na hawakujua kuwa wanayo. Wazazi wa namna hiyo wakipata mtoto, kila ujauzito una nafasi moja kati ya nne ya kumleta mtoto mwenye ugonjwa. Haijalishi waliomtangulia wamezaliwa vipi.

Mbona ugonjwa huu uko sana huku kwetu? Jibu lake lilitafutwa katika ardhi hii hii ya Afrika Mashariki. Mwaka wa 1949 kijana mmoja aliyelelewa Kenya, Anthony Allison, alizunguka nchini akipima damu za watu. Aliona kwamba chembe ya seli mundu ilikuwa ya kawaida pwani na karibu na Ziwa Victoria, lakini nadra katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka wa 1954 alichapisha ushahidi kwamba anayeirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kutoka pande zote mbili ndiye mimi. Yaani ngao inayowakinga baadhi yenu mnaosoma ukurasa huu ndiyo hiyo hiyo inayonikata mimi. Majirani zetu wa Uganda walipowapima watoto wachanga zaidi ya 97,000 kati ya 2014 na 2015, walikuta kwamba 13 hivi katika kila 100 wanabeba chembe hiyo. Mpaka wa Uganda hauko mbali na hapa, na mbu hana kitambulisho wala pasipoti. Usidhani basi kwamba nakuhadithia mambo ya watu wengine.

Sasa hapa ndipo fumbo linapoanza. Maumivu ya seli mundu kila mtu anayajua. Yakinishika, hata anayenichukia hukimbia kuita bodaboda au kumwita matroni. Uchovu, lakini, hauna kelele. Hauna joto la kupimwa kwa kipimajoto. Wala hauji kila mara damu inapopungua. Ungekuja hivyo, mambo yangekuwa rahisi.

Likizo iliyopita nilimwuliza daktari kliniki. Alikuwa ameshika karatasi zangu zote: damu 7.6, ile ile ya siku zote, malaria hakuna, figo na ini ni sawa. Nikamwambia, "Daktari, ikiwa kila kitu ni kile kile, mbona mwezi huu sijiwezi?" Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mtoto wangu, nikikuambia najua nitakuwa nakudanganya. Wagonjwa wengi huniambia hivyo hivyo. Kiasi cha damu peke yake hakielezi." Akanitajia mambo yanayoweza kuchangia: usingizi unaokatika, oksijeni kupungua usiku, moyo kufanya kazi ya ziada, uvimbe wa ndani kwa ndani, hata mawazo na hofu. Hakuna hata moja alilolishika na kusema ndilo hili.

Ungedhani nilitoka pale nimevunjika moyo. Kumbe nilitoka nimetulia, kwa sababu mtu mwenye elimu amekubali kwamba kitu hiki kipo, hata kama hajui kinatoka wapi. Baba yangu, mkulima wa miwa ambaye tangu zamani husema kwamba wao wakati wao walitembea hadi Webuye na kurudi kwa miguu, alikuwa ameketi kando yangu. Njiani hakusema neno. Ila kesho yake, watu walipokwenda kupalilia, aliniachia kazi ya kupukuchua mahindi nikiwa nimeketi kivulini. Kwa baba yangu, hiyo ni hotuba ndefu.

Nirudi kwa swali la kicheko. Uchovu wa kawaida unaujua. Unacheza mpira, unachoka, unakula githeri, unalala, unaamka u mzima. Huu wangu nalala nao na kuamka nao. Tena una tabia ya kuchelewa. Jumatatu ninaweza kucheka, kuimba katika kwaya na hata kupiga danadana mbili tatu. Deni lake nalilipa Jumanne au Jumatano. Umewahi kuiona simu kuukuu? Unaichaji usiku kucha, inaonyesha 100, halafu unapiga simu moja fupi na inazima. Hakuna anayeiita ile simu mvivu. Tunasema betri imechoka. Basi ndugu yangu, ndiyo, jana uliniona nikicheka. Jana nilikuwa na nguvu. Pengine leo sina kwa sababu jana nilizitumia kucheka na wewe.

Najua mwalimu wa zamu ana neno. Atasema, "Haya yote sawa, lakini wapo wanaojisingizia. Nikimwachia mmoja apumzike, kesho nusu ya darasa itakuwa bwenini." Mwalimu, ni kweli, wapo. Tena mimi mwenyewe nimo. Katika Kidato cha Pili nilijisingizia siku ya jaribio la kemia kwa sababu sikuwa nimesoma. Nilisema nimechoka, nikalala, nikasoma riwaya chini ya blanketi. Wiki mbili baadaye uchovu wa kweli ulinishika, na aliyekuwa karibu akasema, "Leo ni jaribio la nini?" Sikuwa na la kujibu. Nilistahili swali lile, na hadi leo naona haya. Basi simtetei mtu yeyote anayejifanya. Yeye ndiye anayetuibia sisi imani ya watu.

Lakini tupime makosa mawili. Ukimwamini anayejisingizia, amepata nini? Saa mbili za usingizi na sifuri katika jaribio lake. Tena hujifichua mwenyewe, maana utamwona daima anaugua siku za mitihani na kupona siku za mechi. Ukikosa kumwamini mgonjwa, ukamkimbiza uwanjani alfajiri kukiwa na baridi, au ukamfyekesha jua la saa saba bila maji ya kunywa, unaweza kumwamshia maumivu yatakayomlaza hospitalini, kwa kuwa baridi, kukosa maji na kazi za kupita kiasi huchochea chembe kujikunja. Kosa la kwanza linagharimu usingizi. La pili linaweza kugharimu uhai. Hakimu mwenye busara angechagua lipi?

Tena si sisi wa seli mundu pekee tunaosema haya. Muulize mwenye kisukari, mwenye ugonjwa wa figo, anayetibiwa kifua kikuu au saratani. Kila mmoja atakuambia habari ya siku ambazo mwili unagoma bila kutoa notisi. Hata ulimwengu wa wenye hospitali kubwa ulichelewa kuelewa. Mwaka wa 1955, katika hospitali ya Royal Free mjini London, wafanyakazi zaidi ya 200 walishikwa na ugonjwa ambao wengine uliwaachia uchovu wa muda mrefu. Mwaka wa 1969 Shirika la Afya Duniani liliweka maradhi ya aina hiyo katika orodha ya magonjwa ya mfumo wa neva. Hata hivyo, mwaka uliofuata, 1970, madaktari wawili waliandika kwamba yale ya London yalikuwa histeria tu, na mojawapo ya sababu walizotoa ni kwamba wagonjwa wengi walikuwa wanawake. Watu hao walizeeka wakiambiwa wamejitungia. Kisha ikaja korona mwaka wa 2020. Ulimwenguni kote watu walipona homa na kikohozi, wakabaki miezi na miezi hawawezi kupanda ngazi. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likatoa maelezo rasmi ya hali hiyo. Ugonjwa haukuanza kuwa wa kweli siku ulipoandikwa. Ulikuwa wa kweli tangu siku ya kwanza mgonjwa aliposema.

Wala tusisahau yaliyotokea hapa hapa Kakamega mnamo Oktoba 2023, makumi ya wasichana wa shule moja ya bweni walipopelekwa hospitalini wakiwa hawawezi kutembea vizuri. Wakuu wa afya walisema ni histeria ya pamoja. Neno hilo lilipofika sokoni lilikuwa limegeuka kuwa "wanajifanya, wanaogopa mtihani." Jamani! Hata kama jambo limeanzia akilini, miguu iliyokataa kusimama ilikuwa miguu ya kweli ya watoto wa watu. Kutojua sababu ni jambo moja, kumwita mtu mwongo ni jambo jingine.

Basi tufanye nini? Wahenga hawakukosea waliposema kwamba lawama bila ushauri ni kelele, au kama hawakusema, walipaswa kusema. Mimi nina mapendekezo manne.

Kwanza, ofisi ya matroni iwe na orodha ya siri ya wanafunzi wenye maradhi ya kudumu, na kila mwalimu wa zamu aisome mwanzoni mwa zamu yake. Hii haihitaji pesa, inahitaji daftari moja na kalamu.

Pili, wale walio katika orodha hiyo wapewe kazi nyingine badala ya kukimbia alfajiri na kufyeka juani. Sikusema wasipewe kazi. Nipe nipange vitabu maktabani, nipe nifute ubao, nipe nihesabu sahani jikoni. Kazi naitaka, maana asiyepewa kazi huanza kujiona mzigo. Tena turuhusiwe chupa ya maji darasani na ruhusa ya kwenda msalani bila kuhojiwa, kwa kuwa wa seli mundu lazima anywe maji mengi.

Tatu, wanaokaribia mtihani wa kidato cha nne waandikiwe barua za hospitali mapema. Baraza la Mitihani lina utaratibu wa kuwafikiria watahiniwa wenye mahitaji maalum, lakini ombi haliwezi kujiandika lenyewe.

Nne, ulimi. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikatilia mkazo. Ulimi bado haujapigwa marufuku. Kuna jina la utani ambalo nimeitwa tangu Kidato cha Kwanza, na sitaliandika hapa nisije nikalisambaza. Anayeniita hivyo anadhani ni mzaha. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Nanyi wenzangu mnaougua kimya kimya, nina neno kwenu pia. Mficha maradhi, kilio humfichua. Miaka miwili nilijifanya mzima, nikakimbia na wanaokimbia, nikaanguka. Mwambie mtu mmoja unayemwamini. Meza dawa zako, usikose kliniki, lala ndani ya neti. Usione haya kusema "leo siwezi", na siku unayoweza, sema pia kwamba unaweza, ili neno lako liwe na uzito. Na sisi sote, wagonjwa kwa wazima, tukifikia umri wa kuoa na kuolewa, tupime damu kwanza. Barua za mapenzi mnazoandikiana usiku wa prepu ni tamu, nakubali, lakini hakuna hata moja inayosema mwandishi wake ana chembe gani.

Nimalizie kwa shukrani. Siku ile ya nyasi, jirani yangu wa dawati alikuja nyuma ya maktaba bila kutumwa. Hakusema pole, wala hakuniuliza maswali ya daktari. Aliuliza tu, "Leo una ngapi kwa kumi?" Nikamwambia, "Tatu." Akachukua slasha mkononi mwangu, akaniambia niketi nikusanye zilizokatwa. Tangu siku hiyo huniuliza kila asubuhi. Nikisema nane, ananiachia nibebe ndoo yangu mwenyewe na hata kunitania kwamba natembea kama kinyonga. Nikisema mbili, anabeba zote mbili. Hajawahi kuniomba ushahidi.

Hilo tu ndilo ninaloliomba kwa shule nzima. Niulizeni nina ngapi leo, kisha mniamini. Tukutane mwaka ujao Mungu akipenda, katika kurasa hizi hizi.

Wasalaam.